Mashimo Arobaini na Moja

Kamera ya tatu nayo ilikataliwa, kwa sababu kitufe chake kilikuwa kidogo.

"Gari analiendesha mke wangu," Fundi alimwambia muuzaji. "Akipata cha kuhifadhi asihangaike kutafuta kitufe. Aguse tu, basi."

Muuzaji akaleta ya nne. Kitufe chake kilikuwa chekundu, kikubwa kama kifungo cha koti. Akaeleza kwamba inarekodi barabara ya mbele na sauti zote za ndani ya gari. Ukibonyeza, kipande cha dakika moja kinaingia kwenye simu ya dereva, na hakifutiki mpaka akifute mwenyewe.

"Na kama jambo limeshapita ndiyo nabonyeza?" mke aliuliza.

"Hakuna shida, dada. Nusu dakika iliyopita nayo inaingia."

"Basi hii inatufaa."

Ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule wawili hao kukubaliana jambo.

Fundi alikuwa fundi wa majokofu. Kutwa alishughulika na vitu vya kupoza, lakini roho yake mwenyewe haikuwahi kupoa. Mke akichelewa dakika tano, yeye alikuwa ameshamwozesha kwa mwanamume mwingine na harusi ameihudhuria. Na safari hii huyo mwingine alikuwa na sura. Mke alikuwa mpimaji wa macho, akizunguka shuleni kupima watoto, na kwenye kiti cha pembeni yake alikaa mwenzake wa kazini, kijana mrefu, mtanashati, mwenye kicheko kisichokwisha. Fundi alimpa jina la Mrefu na kumchukia kwa moyo wote.

Mbele ya mke, kamera ile aliiita zawadi. Moyoni aliiita shahidi.

Kila asubuhi mke alimshusha kwanza Fundi karakana, kisha akaenda kumchukua Mrefu. Ilikuwa safari ya robo saa, na Fundi hakuipoteza bure.

"Jana mlikuwa mnacheka nini na yule Mrefu wako?"

"Mtoto mmoja alizisoma herufi akiwa ameshika karatasi juu chini."

"Hilo ndilo la kukuchekesha? Mimi nikikutania unanuna." Akaendelea hivyo mpaka walipokaribia mzunguko wa barabara, na hasira ilipomzidi akamwongezea mkewe neno ambalo mtu na akili zake halitamki.

Mke akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe chekundu.

"Nini tena?"

"Shimo," alisema mke. "Nakusanya. Siku moja wahusika watayaona."

Fundi hakubishana. Hakuwa akitazama barabara. Alikuwa akitazama shingo ya mkewe, kama kuna mkufu asioujua.

Kesho yake aliuliza habari za manukato, kumbe ilikuwa sabuni tu. Keshokutwa akauliza kwa nini kiti cha pembeni kimesogezwa nyuma, na ni miguu ya nani hiyo inayohitaji nafasi. Kila siku kidole cha mke kilienda kwenye kitufe. Shimo. Shimo jingine.

Jioni Fundi alichomoa kadi ya kamera, akajifungia bafuni na kusikiliza, akianzia pale alipokuwa ameshashuka yeye. Aliwasikia mke na Mrefu wakizungumza habari za lenzi, fremu, na mtoto aliyefeli mwaka mzima kumbe haoni ubao. Akarudia, akitega sikio kwenye kimya cha kati ya maneno. Hakupata kitu, na kutopata kitu kulimuuma kuliko kama angepata.

Ndipo siku moja akaona maandishi madogo pembeni mwa kioo cha kamera: Vilivyohifadhiwa, 41.

Wivu ukampanda. Vipande arobaini na moja, vyote kwenye simu ya mkewe, na simu ina namba ya siri. Mtu hahifadhi upuuzi, aliwaza. Mtu huhifadhi kinachompendeza, akirudie akiwa peke yake. Hakulala vizuri wiki nzima.

Jumapili akaomba kikao nyumbani kwa wakwe. Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake karibu na runinga, mama mkwe akaacha kufuma, na kaka yake Fundi akaja awe shahidi.

"Baba, mama, lisemwalo lipo," Fundi alianza. "Leo nataka nijue kama nina mke au sina. Binti yenu ana siri arobaini na moja kwenye simu yake. Naomba azionyeshe hapa, kwenye runinga, sote tuone."

Baba mkwe akamgeukia bintiye. "Mwanangu, ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Ni arobaini na moja."

Kaka mtu akatikisa kichwa kwa huruma, na Fundi akafarijika kidogo. Wiki nzima alikuwa akiisubiri huruma hiyo.

"Una hakika, mume wangu?" mke aliuliza. "Mbele ya baba na mama?"

"Nina hakika. Kuanzia cha kwanza. Na sauti uiweke juu."

Mke akaunganisha simu na runinga. Kisha akaenda kukaa ubavuni mwa mama yake, akamshika mkono.

Barabara ikajaa kioo chote, lami mpya iliyonyooka, isiyo hata na tundu la kuingiza kidole. Spika zikakwaruza kidogo, na sauti ya Fundi ikatoka, wazi kabisa: "Umalaya huo umefundishwa na mama yako!"

"La kwanza hilo, baba," mke akasema. "Bado arobaini."