Maarifa ya Zamu

Kila nikimaliza zamu ya usiku, pale getini narudisha vitu viwili: sare na uuguzi wenyewe. Kofia ya chuma inashuka kichwani na kufyonza yote niliyokuwa nayajua, maana maarifa ni mali ya hospitali. Narudi nyumbani nikiwa mtu wa kawaida, miguu imevimba.

Asubuhi ile nilimkuta mume wangu, Hizza, amekaa chini bafuni, ameshika kisogo.

"Nimeteleza, Mama Tunu. Hebu niangalie, wewe si muuguzi?"

"Muuguzi kuanzia saa kumi na mbili jioni," nikamjibu kwa ukali. Swali hilo lilikuwa limenichosha miaka mingi.

Hata hivyo nilimwangalia. Damu haikuwepo. Alitapika mara mbili, nikayalaumu maharage ya jana. Mboni ya jicho lake la kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia. Nikastaajabu kidogo. Aliposema ana usingizi, nilimwekea mto, nikafunga pazia, nikajilaza kando yake. Alikoroma mchana kutwa. Nikashukuru kwamba angalau mmoja wetu anapumzika.

Jioni sikutaka kumwamsha. Nikamfunika shuka, nikaenda kazini.

Getini kofia ikashuka, uuguzi ukanirudia wote kwa mpigo. Nikaiona tena ile mboni, safari hii nikijua maana yake: damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu.

"Nifungulie!" nikamwambia mlinzi. "Nataka kurudi nyumbani!"

"Dada, ukishajazwa hutoki na mali ya hospitali mpaka asubuhi," akasema kwa upole. "Kwani umesahau nini?"