Orville Alisema Atakuja

Kofia ya Orville Tackett ilikuwa kwenye kiti cha mstari wa mbele, lakini Orville mwenyewe hakuonekana.

Brantley Coe aliiona akiwa jukwaani, akasahau neno alilokuwa akimwambia rais wa chuo kikuu. Kofia ile ya kahawia yenye doa la grisi ukingoni aliijua. Alishuka ngazi upesi.

Siku hiyo ilikuwa yake. Kampuni yake ya Dallas ilikuwa imeingia ubia na chuo kikuu kujenga shule ya udaktari wa ostiopathia hapa milimani, mashariki ya Kentucky. Chuo kilitoa ardhi na jina, kampuni ikatoa fedha. Wakaguzi walikuwa wameketi mstari wa pili. Wakiondoka na neno baya, kibali kingezuiwa na Brantley angerudi Dallas kutafuta kazi.

Na neno baya, katika mji huu, lilikuwa na mdomo mmoja tu.

Mara ya mwisho Brantley kufika hapa ilikuwa majira ya baridi, kwenye mkutano wa hadhara katika ukumbi wa michezo wa sekondari. Alikuwa akieleza kwamba wanafunzi hawatahitaji maiti. Wangejifunza mwili wa binadamu kwa skrini kubwa na vielelezo vya plastiki, kwa gharama nafuu. Orville akasimama nyuma ya ukumbi.

"We kijana, hao madaktari wenu si ndio wanaotibu kwa mikono?"

"Ndiyo, mzee. Dawa, upasuaji, na mikono pia."

"Na hiyo mikono itajifunzia wapi? Kwenye televisheni?"

Watu waliangua kicheko. Orville hakucheka.

"Binti yangu alipapaswa tumbo na daktari asiyejua anachopapasa. Akaambiwa ni gesi, nenda nyumbani ukalale. Jumapili tukamzika. Leo unatuletea wengine mia, waliofunzwa kwa midoli!"

"Pole sana, mzee, lakini mambo hayo ya zamani..."

"Pole yako itie mfukoni." Alimnyooshea mkono wa kulia, ule ambao msumeno wa kiwanda cha mbao uliukata kidole cha shahada kikabaki kisiki. "Siku ya kwanza nitakuja mwenyewe. Nione hao watoto wako wanajua nini."

"Karibu," Brantley alisema, akiwakonyeza waliokaa mbele. "Nitakuwekea kiti."

Orville alitaka kujibu, kikohozi kikamshika, akaketi. Lakini maneno yake yalikuwa yameshaingia. Dakta Paulette Sizemore, aliyeteuliwa kuongoza shule, alikataa katakata kufundisha kwa plastiki. Chuo kikamuunga mkono, na kampuni ikalazimika kujenga chumba chenye majokofu na meza za chuma. Brantley hakulisahau hilo.

Sasa Oneida, mke wa Orville, alikuwa ameketi kando ya ile kofia, mkoba mapajani. Brantley alimwinamia.

"Yuko wapi?"

"Na wewe habari za asubuhi."

"Mama, sina muda. Mumeo yuko wapi?"

"Alisema atakuja. Amekuja."

"Mbona simwoni?"

"Wewe humwoni mtu mpaka akupigie kelele."

"Nina walinzi kila mlango. Kapita wapi?"

"Mlango wa nyuma. Watu wako wenyewe walimfungulia."

Brantley alitazama nyuma. Mkaguzi mmoja alikuwa akimwangalia. Alijilazimisha kutabasamu, akashusha sauti.

"Nisikilize vizuri. Akifungua mdomo mbele ya wageni wangu, nitamtoa humu amebebwa mzobemzobe."

Oneida alikaribia kucheka. Kisha akainyanyua kofia, akaiweka juu ya mkoba wake.

"Jaribu," alisema. "Huyo hajawahi kuondoka mahali kabla hajamaliza lililomleta."

Brantley alimwendea mlinzi wa mlangoni, mtu wa hapohapo mjini.

"Mtafute Tackett. Yule mzee wa kidole."

Mlinzi alimkodolea macho. "Orville, bosi?"

"Umeziba masikio? Mtafute!"

Walinzi walipita vyooni, stoo, maktaba, hata kwenye maegesho ya magari. Hotuba zikasomwa moja baada ya nyingine. Wanafunzi wakavishwa makoti meupe, wazazi wakapiga makofi na kulia. Hakuna aliyepiga kelele. Wakaguzi walionekana kuridhika.

Debe tupu, Brantley alijisemea, akalegeza tai. Mzee kaogopa. Kamtuma mkewe na kofia aje kunitia kiwewe.

Kilichobaki kilikuwa somo la kwanza, na wakaguzi walitaka kuliona. Aliwaongoza mwenyewe kutoka ukumbini hadi kwenye kile chumba cha ghali asichokitaka. Oneida aliwafuata polepole. Alipofika mlangoni akasimama, kofia kifuani, hakuingia.

Ndani mlikuwa na baridi na harufu kali ya dawa. Meza zilikuwa zimefunikwa shuka nyeupe. Wanafunzi walizizunguka, wengine wamekunja mikono.

"Hawa ndio walimu wenu wa kwanza," alisema Dakta Sizemore. "Kila mmoja wao aliomba mwenyewe kuletwa hapa. Leo hakuna kisu. Leo mtawashika mkono tu, kama mnavyomsalimu mtu mnayemheshimu."

Brantley alijipenyeza mbele apate kuonekana na wakaguzi, akasimama miguuni pa meza ya kwanza. Msichana mwenye miwani aliingiza vidole chini ya shuka, akautoa mkono taratibu.

Ulikuwa mkono wa kulia, mpana, uliokakamaa, na kisiki cha kidole chake cha shahada kilikuwa kimemwelekea Brantley Coe.