Kikombe cha Tatu

Mbaruku alimaliza kikombe cha pili cha supu ya pweza akiwa amesimama, jicho njiani, shemeji zake wasije wakamwona. Mwezi wa tatu sasa nguvu za kiume zilikuwa zimempa kisogo, na mkewe alikuwa akiambiwa ni uchovu.

"Ongeza."

Nassoro, muuzaji, hakugusa upawa. "Bwana, siku hizi kile kilima cha kwenda kwako unakipanda ukihema?"

"Kuhema na supu wapi na wapi?"

"Marehemu kaka yangu aliuliza hivyo hivyo. Daktari alimwambia mishipa ya huko chini ni myembamba, huweza kuziba kabla ya ile ya moyo. Akaja hapa, akasema ongeza. Nikamwongezea."

Mbaruku alianza kucheka. Kiganja chake kilikuwa kifuani, wala hakukumbuka kukiweka hapo.