Geti la Sikudhani

Huku kwetu Mizambarauni, pembezoni mwa jiji, nyumba isiyopigwa hodi getini mwezi mzima huhesabiwa haina mtu, akapewa mwingine. Geti lenyewe ndilo linalosikiliza na kujibu. Sheria hiyo sote tunaijua.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni kwa jirani yangu Sikudhani, tunachambua mchicha, tukasikia geti lake linafunguka. Ikaingia kirikuu imebeba godoro, kabati na tenga la kuku. Akashuka kijana na mkewe mjamzito.

"Shikamooni, mama zangu," akasema. "Tumepewa nyumba hii. Nyinyi ndio mnaoifanyia usafi?"

Sikudhani akacheka. "Umepotea, mwanangu. Humu nimezalia watoto wanne."

"Geti linasema haina mtu, mama. Hakuna aliyepiga hodi."

Mchicha ukanidondoka. Mimi huja hapa kila siku, ila napenya kwenye michongoma, natokea jikoni. Shoga yangu nimpigie hodi ya nini? Hodi ni ya wageni.

"Mwajabu, waambie basi," Sikudhani akaninong'oneza, kaishika kanga yangu kama mtoto.

Nikawaambia yote. Kijana alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaanza kushusha godoro.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Sikudhani naye, akija kwangu, hupenya palepale michongomani. Nikatoka mbio na miguu yangu hii mibovu, nikazunguka mpaka getini kwangu, nikapiga hodi.

"Samahani, mama," geti likanijibu kwa upole. "Humu hamna mtu."