Kaseti Iliyopigwa Hadi Mwisho

Kaseti ilidondoka kutoka kwenye kitabu cha nyimbo cha Crispus, ikaruka mara moja kwenye saruji na kutulia mbele ya kiatu cha Mwalimu Maundu. Ilikuwa Alhamisi, katikati ya sala ya asubuhi. Mwalimu Maundu, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa akisali huku jicho moja liko wazi, kwa sababu za kikazi.

Aliinama akaiokota. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: KOMPYUTA.

Mwalimu Maundu akasema amina kabla ya wengine.

Ili furaha yake ieleweke, lazima yatajwe maharagwe. Mwaka ule wa 1985, shule yao ya bweni, huko milimani juu ya Voi, haikuwa na stoo. Stoo ilikuwa imepewa kompyuta, zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyekwenda ng'ambo, na magunia ya maharagwe kutoka Njukini yakahamishiwa chumbani kwa Mwalimu Maundu. Alilala nayo. Fukusi walimtembelea hadi kwenye shuka, na kuna siku alimtoa mmoja sikioni akiwa darasani, akifundisha Historia kwa heshima zote.

Kompyuta yenyewe ilikuwa haifanyi kitu. Kila ikizimwa ilisahau yote iliyojua, na kuikumbusha kulikuwa na njia moja tu: kuipigia kaseti. Kaseti ililia mlio mbaya, waya ukaupeleka mlio huo ndani ya mashine, na mashine, inavyojua yenyewe, ikaelewa. Lakini redio kaseti ya klabu ya kompyuta ilikuwa imekufa. Iliyobaki shuleni kote ilikuwa ya Mwalimu Maundu, nayo ilifungiwa ofisini kwake.

"Tuazime kidogo tu, Mwalimu," Crispus, mwenyekiti wa klabu, alikuwa ameomba mara nyingi.

"Redio yangu haifundishi mashine za watu."

Mwishowe Madam Gertrude, mwalimu mkuu, akakata shauri. Kompyuta ikiwa haijaamka kufikia Ijumaa jioni, ifungwe kwenye sanduku lake, na maharagwe yarudi kwao.

Baada ya sala Crispus aliitwa ofisini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa mjomba, Mwalimu. Mombasa. Ana mashine kama yetu. Tuliirekodi likizo."

"Na unajua kaseti zikikamatwa zinafanywa nini."

Crispus akatazama viatu vyake. Hakuna asiyejua. Kaseti iliyokamatwa ilipigwa kwenye paredi ya Ijumaa, kwa spika kubwa, tangu mwanzo hadi mwisho, mwenyewe amesimama mbele. Sheria hiyo aliitunga Mwalimu Maundu, na aliipenda kama mtoto wake. Ndivyo shule nzima ilivyopata kumsikia Mbuvi wa Kidato cha Tatu akimwimbia msichana wa Kaloleni, beti zote saba.

"Ichome tu, Mwalimu," Crispus alisema kwa sauti ndogo. "Usiipige mbele ya watu."

"Itapigwa."

"Basi naomba iwe kwa sauti ya chini."

Hapo hapo Mwalimu Maundu akaamua itakuwa ya juu.

Ijumaa asubuhi shule ilijipanga kiwanjani, mbele ya stoo ya zamani. Spika ilikuwa juu ya ukuta wa stoo hiyo, imeelekezwa kwa watu. Walikuwapo wote isipokuwa Mutindi, katibu wa klabu ya kompyuta, ambaye aliomba ruhusa kwa ajili ya tumbo. Mwalimu Maundu aliiweka redio yake mezani, akaiunganisha na spika, akazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma.

Kwanza ulitoka mluzi mrefu, mwembamba. Kisha ikafuata sauti kama ya nyuki elfu waliofungiwa kwenye sufuria pamoja na mbuzi mmoja. Kidato cha Kwanza waliziba masikio. Elsie, mpishi, alitoka jikoni ameshika mwiko tayari kwa vita. Fahali wa jirani alikata kamba na kushika njia ya Mwanda.

"Mwalimu, inatosha," Madam Gertrude alisema.

"Sheria ni sheria, Madam. Mpaka mwisho."

Crispus alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yakimtetemeka. Mwalimu Maundu alimtazama, akahisi huruma ikimjia, akaishinda.

Kaseti ikafika mwisho, ikajizima yenyewe. Kimya kikarudi kiwanjani kama mtu aliyekuwa amejificha.

"Huo mlio," Mwalimu Maundu alitangaza, "ndio uliofukuza chakula chenu stoo."

Alipigiwa makofi. Makofi mazito kabisa yalitoka klabu ya kompyuta, naye akayachukua kuwa dalili ya toba.

Mchana huo alifagia chumba chake, akaanika shuka, akaweka kitanda pale alipokuwa akitaka siku zote. Jioni akaongoza msafara: yeye mbele, Madam Gertrude nyuma yake, na vijana wawili wamebeba gunia la kwanza.

Akausukuma mlango wa stoo.

Mutindi alikuwa ameketi mbele ya televisheni ya kompyuta, tumbo limepona kabisa. Waya mwembamba ulishuka kutoka kwenye spika, ukapita dirishani, ukaishia nyuma ya mashine. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja: BONYEZA POPOTE.

"Karibu, Madam," Mutindi alisema, akampisha kiti.

Madam Gertrude alibonyeza kwa kidole kimoja, akarudi nyuma hatua moja kwa tahadhari, na maneno yakajiandika polepole, herufi moja baada ya nyingine:

ASANTE MWALIMU MAUNDU KWA KUNIPIGA HADI MWISHO. MAHARAGWE YALALE SALAMA.