Mama wa Mlimani

Wawira aliingia stoo kuchukua mchele tu. Kwenye rafu, nyuma ya gunia, akaona picha ya mwanawe Lenny imeegemezwa ukutani, picha ambayo yeye hakuwahi kumpa mtu. Mbele yake alilazwa mwanasesere wa udongo mwenye umbo la kichanga, kafungwa uzi mwekundu shingoni. Ubani ulikuwa ungali ukifuka.

Mchele aliusahau papo hapo.

Juu ya rafu ilitundikwa kalenda ya duka la vyakula la Wachina, yenye mungu wao wa kike: mwanamke mwenye taji, kakaa kileleni mwa mlima na mtoto mchanga mapajani, ngazi zikimpandia hadi mawinguni. Tangu aanze kumhudumia Nyanya Lin hapa ughaibuni, mjini Sugar Land, kumwogesha na kumpa dawa, Wawira alimpita mwanamke yule kwa kuinamisha macho. Mchungaji wao katika mji jirani wa Missouri City aliwaonya kwamba ubani haufukizwi bure.

Sasa mambo yakaanza kujipanga kichwani. Nyanya Lin, mjukuu wake akimtafsiria, aliwahi kumuuliza Wawira tarehe na saa aliyozaliwa Lenny. Siku nyingine akauliza kama ukoo wao una ugonjwa wa damu, au wa akili. Naye, bila kufikiri, akajibu yote. Na Lenny siku hizi hali akashiba, halali akapumzika. Kitu pekee anachokifanya kwa moyo ni kumleta mama yake kazini.

"Ee Mungu, wamemfunga mwanangu," alinong'ona.

Aliinyakua picha, akatoka nayo. Nyanya Lin alikuwa mezani na mjukuu wake Jessica, mwanafunzi wa chuo, aliyejifunika sweta pana mchana wa joto kama ule.

"Nyanya," Wawira alisema, "mnamtakia nini mtoto wangu? Sina mwingine."

Jessica akamtafsiria bibi yake kwa Kichina, sauti ikikatika. Bibi kizee akaitazama picha, kisha akamtazama Wawira, machozi yakimlengalenga. Akasema maneno machache, taratibu.

 Jessica aliinamisha uso, mkono wake ukatulia tumboni, juu ya sweta.

"Anauliza," alisema, "kwenu msichana wa kwanza huitwa jina la nani."