Uzi wa Kizibo cha Difu

Nilikuwa nimelala chali chini ya Landrova ya marehemu baba, spana mkononi, nikibadilisha oili ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Unafungua kizibo cha kujazia kwanza, cha kumwagia baadaye. Ndivyo alivyonifundisha, enzi tukishusha kabichi kutoka mashamba ya Tringkap, kule milimani, kwa gari hilihili.

"Ponni, bado tu?" mama alinicheka kutoka barazani. "Baba yako angekuwa ameshamaliza, na chai kashakunywa!"

Kizibo kikalegea. Oili nyeusi ikanidondokea kiganjani, na harufu yake kali ilikuwa ileile ya mikono ya baba. Kwenye meno ya kizibo alikuwa amezungushia uzi ili kisivuje. Nikaufuta. Ulikuwa wa hariri, mwekundu, umechanganyika na dhahabu.

Nikampelekea mama. Aliutazama mpaka chai yake ikapoa.

"Pindo la sari yangu ya harusi," alisema. "Miaka ishirini nawalaani panya bure! Kumbe panya mwenyewe nilikuwa nalala naye kitanda kimoja!"

"Nimenunua kizibo kipya, mama. Hakihitaji uzi."

Aliingia ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa. Akatoka na sari begani, mkasi mkononi.

"Kirudishe dukani hicho," alisema. "Shika hapa, nikate."